Kurasa Tisa, Shahidi Mmoja: Uchambuzi wa Kisa cha Zawadi ya Kilimanjaro

Kisa hiki kilianzia mezani kwangu, siku mwanachuo wa mwaka wa pili katika chuo cha ualimu ninakofundisha aliponiletea rasimu ya sura ya kwanza ya mradi wake wa utafiti. Alikuwa amechagua mada nzuri, tena ya kwao: kwa nini mpaka wa Tanzania na Kenya, unaotoka Ziwa Viktoria ukiwa umenyooka kama uzi wa fundi mwashi, unafika Kilimanjaro ukakunja kona, ukauzunguka mlima, kisha ukanyooka tena hadi baharini. Yeye ni mzaliwa wa Rombo na wajomba zake wako ng'ambo ya mpaka, Loitokitok, upande wa Kenya, kwa hiyo swali hilo hakulitoa kitabuni, alikua nalo. Katika ukurasa wa tatu wa rasimu aliandika, bila kusita, kwamba mpaka ulipinda kwa sababu Malkia Victoria wa Uingereza alimzawadia mjukuu wake, Kaisari Wilhelm II wa Ujerumani, Mlima Kilimanjaro siku ya kuzaliwa kwake, baada ya mjukuu kulalamika kwamba bibi ana milima miwili yenye theluji katika Afrika ilhali yeye hana hata mmoja.

Nilimuuliza amejuaje. Alifungua daftari akanionyesha jedwali alilolichora kwa rula: kurasa tisa za mtandaoni, kila moja na anwani yake na tarehe aliyoufungua, na mwishoni safu aliyoipa jina "Inathibitisha". Safu nzima ilikuwa na alama za vema. "Mwalimu, zote tisa zinasema hivyo hivyo," alisema. Wanachuo wengi huniletea anwani moja iliyoandikwa kwa haraka mgongoni mwa karatasi. Huyu alikuwa amemaliza bando lake la wiki akitafuta uthibitisho, na kwa kipimo alichofundishwa, yaani kulinganisha vyanzo zaidi ya kimoja, alikuwa amefanya alivyoagizwa. Ndiyo maana kisa chake kinastahili kuchambuliwa. Kosa lake halikutokana na uvivu, na mtu mvivu asingelifikia.

Sikumwambia kwamba habari ile si ya kweli. Nilimwomba achore safu nyingine moja pembeni ya ile ya vema, aiite "Imepata wapi?", kisha arudi kwenye kurasa zote tisa na kujaza kila ukurasa unasema umeitoa wapi habari ya zawadi. Kazi hiyo ilimchukua siku mbili, na jedwali liliporudi lilikuwa limebadilika sura kabisa. Kurasa tatu zilikuwa za kampuni zinazopandisha watalii mlimani, ambazo hazikutaja chanzo chochote, wala sioni kwa nini zingetaja, kwa kuwa kazi yake ni kuuza safari na kisa cha bibi na mjukuu kinauza. Mbili zilikuwa shajara za wasafiri waliokwisha kupanda na ambao, kwa maelezo yao wenyewe, walisimuliwa habari hiyo na viongozi wao wa mlima. Mmoja ulikuwa wa safu ya utalii ya gazeti la ng'ambo, mwingine wa maswali na majibu ambako yeyote anaweza kujibu, na wa nane ulikuwa wa ensaiklopidia huria, uliotegemea kitabu cha mwongozo wa watalii. Wa tisa ndio uliompa moyo kuliko yote, kwa sababu anwani yake ilikuwa ya chuo kikuu cha ng'ambo.

Tuliufungua pamoja ukurasa huo wa tisa kwenye kompyuta ya maktaba na kuushusha hadi chini kabisa, mahali ambapo wasomaji wengi hawafiki. Pale palikuwa na jina la kozi, neno la kuonyesha kwamba ni zoezi la mwaka wa kwanza, na orodha ya marejeo mawili. Rejeo moja lilikuwa ule ukurasa wa gazeti uliokwisha kuwamo katika jedwali letu. La pili lilikuwa mojawapo ya kampuni tatu za watalii. Mwanachuo alitazama kioo kwa muda, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba huyu naye alikuwa mwanafunzi kama yeye. Na ndivyo ilivyokuwa: anwani ya chuo kikuu inatuambia nani anamiliki kompyuta inayohifadhi ukurasa, haituambii nani aliuandika wala kama kuna aliyeusahihisha. Hata kwetu, anwani inayoishia na ac.tz huonyesha taasisi ya elimu, lakini ndani ya taasisi moja kuna tasnifu iliyojadiliwa na jopo la wasomi, na kuna tangazo la mahafali.

Jambo lililonifurahisha zaidi aliligundua mwenyewe. Katika kurasa nne kati ya tisa, jina la Kaisari lilikuwa limeandikwa kwa herufi l mbili zilizofuatana, "Willhelm", na katika hizo nne sentensi ya malalamiko ya mjukuu ilifuata mpangilio uleule wa maneno. Watu wanne wasiojuana wanaweza kupata ukweli mmoja kila mtu kwa njia yake. Ni vigumu sana wapate kosa moja la tahajia, mahali pamoja, kila mtu kwa njia yake. Wahariri wa miswada ya kale hutumia kanuni hiyohiyo kupanga nasaba ya nakala: kosa la pamoja huonyesha mzazi wa pamoja. Alipounganisha kurasa kwa mishale, nani kamnukuu nani, zile vema tisa ziliporomoka hadi kwenye kitabu kimoja cha watalii na uvumi wa njiani, na hakuna hata mmoja aliyedai kuona barua, hati au kumbukumbu yoyote ya zawadi. Alikuwa amehesabu midomo akidhani anahesabu mashahidi.

Nitaje pia, kwa ufupi, kwamba katika siku hizo mbili aliiuliza programu ya akili unde iliyomo katika simu yake. Ilimjibu kwa ufasaha, ikakisimulia kisa kizima, na alipoidai chanzo ikampa jina la kitabu, mwandishi na mwaka. Tulikitafuta kitabu hicho katika orodha za maktaba na katika orodha ya mchapishaji aliyetajwa, tusikione. Programu za namna hiyo hutunga sentensi inayofanana na sentensi za kweli, na rejeo nalo ni sentensi.

Hadi hapo tulikuwa tumeonyesha kwamba habari haina mzizi unaoonekana. Hatukuwa tumeonyesha kwamba ni ya uongo, na nilisisitiza tofauti hiyo kwa sababu wanachuo wengi wakishafundishwa kushuku huruka kutoka "haina chanzo" hadi "si kweli" kana kwamba ni hatua moja. Habari isiyo na chanzo inaweza kuwa sahihi kwa bahati. Kipimo cha pili ni kuuliza kama inawezekana, na hapa kilichohitajika kilikuwa tarehe nne tu, ambazo zimo katika ensaiklopidia za kawaida na hazina ubishi. Wilhelm alizaliwa tarehe 27 Januari 1859. Alikalia kiti cha Kaisari tarehe 15 Juni 1888, baada ya babu yake Wilhelm I kufariki mwezi Machi mwaka huo na baba yake Friedrich III kutawala siku 99 tu. Mapatano yaliyouweka Kilimanjaro upande wa Wajerumani yalifanywa kwa kubadilishana barua tarehe 29 Oktoba na 1 Novemba 1886, baina ya balozi wa Ujerumani mjini London, Hatzfeldt, na Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, Lord Iddesleigh.

Mwanachuo aliziandika tarehe hizo kwenye mstari mmoja na hakuhitaji msaada. Mwaka 1886 hapakuwa na Kaisari Wilhelm II. Palikuwa na mwanamfalme wa miaka 27 ambaye babu yake ndiye aliyekuwa mtawala, na mambo ya nje ya Ujerumani yalikuwa mikononi mwa Kansela Bismarck. Siku ya kuzaliwa ya kijana huyo iko Januari, mapatano yako mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba. Undugu peke yake ndio uliobaki kuwa wa kweli: Victoria alikuwa bibi yake, kwa kuwa mama yake Wilhelm alikuwa binti mkubwa wa malkia. Visa vya namna hii huwa na punje ya kweli ndani yake, na punje hiyo ndiyo inayovisafirisha.

Alinipinga, na pingamizi lake lilikuwa la maana. Je, kama zawadi ilitolewa baadaye, katika mkataba wa 1890 ambao kila mwanafunzi wa historia anaujua? Kufikia tarehe 1 Julai 1890, siku mkataba wa Heligoland ulipotiwa saini, Wilhelm alikuwa Kaisari kweli, na Uingereza ilitoa kitu kweli: kisiwa cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini, huku Ujerumani ikiiachia Uingereza eneo la Witu katika pwani ya Kenya ya leo na kukubali Unguja iwe chini ya ulinzi wa Waingereza. Lakini mlima ulikuwa umekaa upande wa Wajerumani kwa karibu miaka minne. Isitoshe, tarehe 6 Oktoba 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walikuwa wamefika kileleni, na Meyer akakipa kilele hicho jina la Kaisari. Huwezi kumzawadia mtu kitu ambacho tayari amekiandika jina lake.

Ndipo tukaitafuta hati yenyewe. Mapatano ya 1886 yamechapishwa katika mkusanyo wa mikataba ya Afrika ulioandaliwa na Edward Hertslet na kutolewa mara ya kwanza mwaka 1894, na nakala zake zilizopigwa picha ukurasa kwa ukurasa zinasomeka bure mtandaoni. Nataka msomaji azingatie jambo hilo, kwa sababu mazungumzo kuhusu vyanzo vya mtandaoni mara nyingi huendeshwa kana kwamba mtandao ni kitu kimoja kinachoaminika au kisichoaminika. Kwa simu ileile na kwa bando lilelile, mwanachuo huyu angeweza kusoma maneno ya mkataba siku ya kwanza. Tofauti ni kwamba kurasa za watalii zilijitokeza zenyewe alipoandika swali lake, na mkataba haukujitokeza. Ulihitaji mtu anayejua kwamba upo. Mtambo wa kutafuta hupanga majibu kwa kuangalia, pamoja na mengine, kurasa zinazounganishwa na kutembelewa sana. Ukaribu wa mwandishi na tukio haumo katika hesabu hiyo.

Tuliisoma ibara ya mpaka, yeye akiwa na kamusi upande mmoja na ramani ya atlasi ya shule upande mwingine. Mstari unaanzia mdomo wa Mto Umba, unakwenda moja kwa moja hadi Ziwa Jipe, unapita upande wa mashariki wa ziwa na kulizunguka kwa kaskazini, unauvuka Mto Lumi, unapita katikati ya nchi ya Taveta na nchi ya Wachaga, unaambaa chini ya mlima kwa upande wa kaskazini, kisha unanyooka hadi mahali ambapo latitudo ya digrii moja kusini inakata ufuko wa mashariki wa Ziwa Viktoria. Aliufuata kwa kidole, jina baada ya jina, na kidole kikatua juu ya mpaka uliochorwa. Alipofika kati ya Taveta na Uchagani alicheka, kwa sababu pale ndipo anapopita akienda kumsalimu mjomba wake mmoja aliyehamia Taveta.

Kisha akauliza swali ambalo hati haikulijibu: mbona haisemi kwa nini? Hati ya asili inaaminika kwa yale inayoyashuhudia, nayo inashuhudia kwamba mstari ulikubaliwa upite wapi na lini. Sababu ilitubidi tuitafute katika matukio ya miaka miwili iliyotangulia. Mwaka 1884 Mwingereza Harry Johnston alikaa Kilimanjaro kwa miezi kadhaa kwa shughuli za sayansi, akapata hati za ardhi upande wa Taveta. Mwaka 1885 Sultani Barghash wa Unguja alimtuma jemadari wake Lloyd Mathews na askari, wakapata viapo vya utii kutoka kwa watawala wa Kichaga, na mwaka huohuo Karl Jühlke, wakala wa mkoloni wa Kijerumani Carl Peters, alipata mkataba kwa Mangi Rindi wa Moshi, ambaye Wazungu walimwita Mandara. Ukiyaweka mambo hayo juu ya ramani, ule mpindo kati ya Taveta na Uchagani hauwi fumbo kubwa: mataifa mawili yalikuwa na makaratasi ya madai katika sehemu mbili jirani, na mstari ukapitishwa katikati. Katikati ya madai hayo Barghash alibanwa kwenye ukanda wa pwani wa maili kumi na visiwa vyake, na ilipofika Desemba 1886 akalazimika kukubali.

Nilidhani tumemaliza, kumbe sehemu ngumu ilikuwa mbele. Wiki iliyofuata alikuja na kurasa mpya, safari hii za wale wanaojivunia kusahihisha uzushi. Zilieleza, sawasawa kabisa, kwamba kisa cha zawadi ni cha kubuni, kisha zikaongeza kwa uhakika uleule kwamba ukweli ni kwamba Waingereza na Wajerumani walibadilishana: huyu achukue Mombasa, yule achukue Kilimanjaro, na ndiyo maana mstari ulipinda. Ushahidi wake ulikuwa wa kupendeza. Chukua rula, uilaze juu ya sehemu iliyonyooka kutoka Ziwa Viktoria, uiendeleze hadi baharini. Tulifanya hivyo. Rula ilifika pwani karibu sana na Mombasa, na uso wa mwanachuo uling'aa kama wa mtu aliyekamata mwizi.

Kwa maoni yangu kurasa hizi za pili ni za hatari kuliko zile za kwanza. Kisa cha bibi na mjukuu kina harufu ya hadithi, na msomaji makini atakishuku. Sahihisho linakuja likiwa limevaa miwani, limekwisha kuvunja kosa moja mbele ya macho yako, na kwa hiyo unaliamini kwa lile la pili bila kulidai chochote. Lakini rula inathibitisha tu kwamba mstari wa kufikirika ungefika pale. Ili hoja isimame, inahitaji kuonyesha kwamba kulikuwa na mtu aliyependekeza mstari huo mnyoofu, kisha akaupindisha kwa kubadilishana. Katika ibara tuliyoisoma mstari unaanzia Umba, kusini ya Mombasa, na hakuna neno la kubadilishana. Inaweza kuwa dhana yenye busara. Nilimruhusu aiweke katika mradi wake kwa sharti kwamba aiite dhana, aeleze jaribio la rula, na aseme wazi kwamba mapatano yenyewe hayaitaji.

Baada ya kuumwa na nyoka mara mbili alianza kuogopa hata ukuti. Rasimu ya tatu ilikuja imefuta kila kitu kisichoandikwa na profesa. Ilinibidi nimsimulie habari ya Johannes Rebmann, mmisionari aliyeuona mlima huo na weupe wa kilele chake tarehe 11 Mei 1848, na maelezo yake yakachapishwa London mwaka 1849. William Desborough Cooley, mtaalamu mashuhuri wa jiografia ya Afrika ambaye hakuwahi kuukaribia mlima huo, alipinga vikali kwamba theluji ingeweza kudumu karibu na ikweta. Ubishi uliendelea hadi Baron Karl Klaus von der Decken alipokwenda kuupima mlima mwaka 1861 na tena 1862, akathibitisha theluji. Kwa mizani ya cheo, Cooley angemshinda Rebmann. Kwa mizani ya nani alikuwa pale na macho yake, alishindwa tangu mwanzo. Na nisifiche kwamba Wachaga walikuwa wakiijua baridi ya kilele hicho kabla ya wote hao, ingawa katika ubishi wa London hakuna aliyewauliza.

Maneno hayo ya mwisho aliyachukua kwa uzito kuliko nilivyotarajia. Aliona kwamba hati zote tulizozisoma, hata zile za Mangi Rindi, zimeandikwa na kuhifadhiwa na wageni, na akaomba aongeze sura moja ya masimulizi ya wazee wa Tarakea, mji wa mpakani huko Rombo, kuhusu mpaka ulivyoingia. Nilikubali. Alikwenda likizo ya Desemba akiwa na kinasa sauti cha simu na maswali kumi na mawili tuliyoyapanga pamoja. Wazee walimweleza mengi yenye thamani: mashamba yaliyogawanyika, mahari yaliyovuka mpaka na ng'ombe wakavushwa usiku, miaka ambayo njia ilifungwa na soko la Loitokitok likapoteza ndizi za Rombo.

Mmoja wao, babu wa miaka zaidi ya themanini, alipoulizwa kwa nini mstari uliuzunguka mlima, alijibu bila kufikiri kwamba malkia wa Waingereza alimpa mjukuu wake wa Kijerumani. Mwanachuo alimwachia amalize, akamwongezea chai, kisha akauliza kwa adabu: "Babu, habari hiyo ulisimuliwa na wazee wako?" Mzee akasema hapana, aliisikia darasa la nne, kwa mwalimu wake wa jiografia. Mwanachuo aliporudi chuoni alilifungua lile daftari la kwanza na, chini ya kurasa tisa, akaongeza mstari wa kumi. Katika safu ya "Imepata wapi?" aliandika "shuleni", na ile safu ya vema akaiacha wazi.